Gari la Wazi: Sayansi ya Kulifufua na Kulipiga Picha

Msafiri atokaye Kigoma mjini kwenda bara hufika Mwandiga baada ya mwendo mfupi tu. Hapo njia hugawanyika: moja huelekea Manyovu na mpaka wa Burundi, nyingine huelekea Kasulu. Penye njia panda hapakosi gereji, na penye gereji hapakosi gari kuukuu lililosahauliwa. Ichukuliwe, kwa ajili ya makala haya, kwamba gari hilo ni Land Rover ya miaka ya 1960, ya aina isiyo na paa la bati. Paa lake lilikuwa turubai lililotandazwa juu ya fito za chuma. Kioo cha mbele hulazwa juu ya boneti, na milango huchomolewa kwa mkono. Turubai limekwisha kuoza. Magurudumu yamezama udongoni. Kuku wanatagia chini ya kiti cha dereva.

Watu wawili hulitazama gari hilo kwa macho tofauti. Wa kwanza ni mnunuzi wa vyuma chakavu, mwenye mizani na kisu cha gesi. Kwake gari ni uzito wa zaidi ya tani moja, basi. Wa pili ni mwenye gari, ambaye angependa kulifufua, alitembeze barabarani na kulipiga picha wajukuu wake waione. Mnunuzi ana fedha taslimu mkononi. Mwenye gari ana matumaini tu. Uamuzi ukifanywa kwa pupa hauwezi kurudishwa, kwa maana chesisi iliyokatwa vipande vipande haiungiki tena ikawa chesisi ya kuaminika. Kwa upande mwingine, matumaini yasiyo na elimu yanaweza kuteketeza fedha za familia, na hata kuua mtu.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza sayansi inayopaswa kutangulia uamuzi huo: umbo la gari la wazi, kemia ya kutu, njia salama za kuiondoa, na kanuni za mwanga zinazomwongoza mpiga picha. Karibu yote yamo katika mafunzo ya kemia na fizikia ya shule za sekondari.

PAA LINA KAZI GANI?

Wengi hudhani kwamba paa la gari ni mwavuli tu, na kwamba ukiliondoa gari litabaki lile lile, ila lenye upepo zaidi. Jaribio dogo litaonyesha kosa la fikra hiyo. Chukua sanduku la viatu lililofungwa mfuniko wake kwa gundi pande zote. Lishike kwa mikono miwili, mkono mmoja kila ncha, kisha ujaribu kulisokota kama mtu akamuaye nguo. Halisokoteki kwa urahisi. Sasa ondoa mfuniko na usokote tena. Mara hii sanduku linapinda kama kuti.

Magari mengi madogo ya kisasa yameundwa kama sanduku hilo lenye mfuniko. Hayana chesisi ya peke yake. Sakafu, nguzo, milango na paa vimechomelewa pamoja ili vibebe mzigo kwa ushirikiano. Ukikata paa la gari la namna hiyo, unaondoa mfuniko wa sanduku. Gari likipita penye shimo litajisokota, milango itakataa kufunga, na baada ya muda nyufa zitaanza kwenye viungo. Katika ajali sakafu inaweza kukunjika. Ndiyo sababu watengenezaji wa magari ya wazi huongeza vyuma vizito kwenye vizingiti vya milango. Volkswagen ya wazi iliyoundwa na kampuni ya Karmann huko Ujerumani kuanzia 1949 hadi 1980 iliimarishwa kwa njia hiyo. Hivyo gari la wazi aghalabu huwa zito kuliko ndugu yake mwenye paa, ingawa macho yanaona kwamba limepunguziwa kitu.

Land Rover ya zamani ni jamii nyingine kabisa. Ilijengwa juu ya chesisi yenye umbo la ngazi: mihimili miwili mirefu ya chuma iliyo wazi ndani kama bomba la pembe nne, iliyounganishwa kwa vipande vya kukingama. Ngazi hiyo ndiyo hubeba injini, mizigo na misukosuko yote ya barabara. Bodi imefungwa juu yake kwa bolti tu. Kuondoa turubai hakuipunguzii nguvu hata kidogo. Pengine ndiyo maana magari ya aina hii yamependwa mno kwa gwaride, ambapo kiongozi husimama wima ndani ya gari la wazi akikagua vikosi.

Kutokana na maelezo haya yanapatikana mambo mawili. Kwanza, yeyote mwenye gari dogo la kawaida asithubutu kulikata paa ili apate gari la wazi. Pili, mwenye Land Rover kuukuu asianze na rangi wala viti. Aanze na chesisi, kwa maana hiyo ikiwa imekufa, gari limekufa.

GARI LENYE METALI MBILI

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kiligawiwa kwa mgao. Kampuni ya Rover iliamua kutengeneza boneti, mabawa na milango kwa aloi ya alumini na magnesi, na kubakiza chuma mahali penye kuhitaji nguvu: chesisi, fito, na ukuta utenganishao injini na dereva. Uamuzi huo uliotokana na dhiki ndio umeyafanya magari hayo yaishi muda mrefu, na ndio pia umeyatia ugonjwa wake wa pekee.

Inafaa kueleza kwa nini alumini haishiki kutu kama chuma. Kwa hakika alumini hupenda oksijeni kuliko chuma ipendavyo. Alumini tupu ikikutana na hewa, mara moja hujifunika kwa utando wa oksaidi mwembamba mno usioonekana kwa macho. Utando huo umeshikamana na metali na hauna matundu. Hewa na maji havipenyi tena. Kutu ya chuma, kinyume chake, ni laini na yenye vinyweleo, na huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Hivyo hujiinua, hupasuka na kubanduka, na kila magamba yanapoanguka chuma kipya huachwa wazi. Alumini hujenga ukuta. Chuma hujenga boma la mabua.

JINSI KUTU INAVYOZALIWA

Kutu haitokei kwa hewa peke yake, wala kwa maji peke yake. Lazima viwepo vyote viwili. Penye tone la maji juu ya chuma, atomi za chuma huachia elektroni na kuingia majini zikiwa ioni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma chenyewe hadi mahali penye oksijeni ya kutosha, aghalabu ukingoni mwa tone, na hapo hupokewa:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Ioni za chuma na za hidroksaidi hukutana, nazo kwa kuongezewa oksijeni hugeuka kuwa ile rangi ya kahawia ijulikanayo na kila mtu. Ni dhahiri basi kwamba kutu ni betri ndogo: kuna mahali panapotoa elektroni, mahali panapozipokea, waya ambao ni chuma chenyewe, na maji yanayopitisha ioni. Kadiri maji yanavyopitisha umeme vizuri ndivyo kutu inavyokimbia. Kwa sababu hiyo gari lililokaa Tanga au Zanzibar, penye upepo wa chumvi, huliwa haraka kuliko gari la Mwandiga. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini yaliyoyeyuka, lakini ni machache mno yakilinganishwa na ya bahari.

Pamoja na hayo, Mwandiga ina adui wake. Mvua hunyesha kuanzia karibu Novemba hadi Aprili au Mei, na udongo mwekundu wa barabara hurushwa na magurudumu hadi ndani ya mihimili ya chesisi kupitia matundu yake. Udongo huo hunyonya maji na kuyatunza kama sponji. Nje chesisi inaonekana kavu. Ndani imelowa wiki nzima. Ndiyo maana chesisi za Land Rover aghalabu huoza kutoka ndani kwenda nje, na rangi nzuri ya nje inaweza kuficha chuma chembamba kama karatasi.

Fundi mwenye uzoefu hupima kwa nyundo ndogo. Hugonga mhimili kila baada ya kiganja kimoja na kusikiliza. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti butu, na pengine nyundo hupenya. Mahali pa kuanzia ni mhimili wa kukingama wa nyuma kabisa, mikono inayoshika ukuta wa mbele, na sakafu ya miguuni kwa dereva. Kazi hiyo ya nusu saa ndiyo inayoamua zaidi kuliko yote kama gari lifufuliwe au liende kwenye mizani.

NDOA YA CHUMA NA ALUMINI

Sasa inafikiwa sehemu ambayo mafundi wengi huishangaa. Alumini haishiki kutu. Kwa nini basi mabawa ya Land Rover hutoka unga mweupe na kutoboka pale yanapogusana na chuma?

Jibu limo katika mfululizo wa metali unaofundishwa darasani. Metali zilizo juu katika mfululizo huo huachia elektroni kwa wepesi. Alumini iko juu ya zinki, zinki iko juu ya chuma, na chuma iko juu ya shaba. Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye maji, ile ya juu hulika na ile ya chini hulindwa. Bolti ya chuma ikipita katika bamba la alumini lililolowa, alumini ndiyo hutoa elektroni. Utando wake wa oksaidi hushindwa kujitengeneza vizuri, hasa penye chumvi, na unga mweupe hutokea kuizunguka bolti.

Dawa yake ni kuvunja sakiti. Kati ya metali mbili huwekwa kitu kisichopitisha umeme: kipande cha mpira, rangi nzito, au washa ya plastiki. Njia nyingine ni kutumia bolti zilizopakwa zinki. Zinki iko jirani na alumini katika mfululizo, hivyo ugomvi wao ni mdogo. Na papo hapo zinki hujitoa mhanga kwa ajili ya chuma. Watengenezaji walilijua jambo hili, na baadhi ya kingo za chuma za bodi walizichovya katika zinki iliyoyeyuka. Mara nyingi kingo hizo huonekana nzima hata leo.

JARIBIO KWA DARASA

Mwalimu aweza kuonyesha yote hayo kwa misumari mitano ya chuma isiyopakwa kitu, iliyosuguliwa kwa msasa. Msumari wa kwanza utiwe katika maji ya bomba. Wa pili utiwe katika maji yaliyochemshwa ili kufukuza hewa, kisha yafunikwe kwa mafuta ya kula. Wa tatu utiwe katika maji ya chumvi. Wa nne uzungushiwe waya wa shaba na kutiwa katika maji ya chumvi. Wa tano uzungushiwe kipande cha zinki, mathalani kutoka ganda la betri kuukuu ya tochi lililosafishwa vizuri, nao utiwe katika maji ya chumvi.

Baada ya wiki moja wanafunzi waandike walichokiona. Msumari wa pili utabaki karibu safi, kwa kuwa umenyimwa oksijeni. Wa tatu utakuwa na kutu nyingi kuliko wa kwanza. Wa nne utazidi, na wa tano utaokolewa na zinki inayolika badala yake. Wanafunzi wenye bidii wapime uzito wa kila msumari kabla na baada, wakiondoa kutu kwa brashi.

FUNZO KUTOKA ZIWANI

Mtu asiyesadiki kwamba kunyima chuma oksijeni kwaweza kukihifadhi kwa miaka mingi hana haja ya kwenda mbali. Historia ya meli ya Liemba inatosha. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen, ikakunjuliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakaletwa Dar es Salaam kwa bahari, na kutoka huko yakasafirishwa kwa reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Meli iliungwa upya mjini Kigoma na kushushwa majini Februari 1915.

Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walilazimika kuondoka. Hawakutaka meli iangukie mikononi mwa adui, lakini walitumaini kuirudia. Wahandisi wakaipaka mitambo yake grisi nzito, ndipo wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza waliiibua Machi 1924, baada ya zaidi ya miaka saba, wakakuta kwamba injini na boila bado zinafaa kutengenezwa. Mei 1927 meli ilirudi kazini ikiwa na jina la Liemba.

Grisi haichangamani na maji, nayo hushikamana na chuma. Elektroni za chuma zikikosa oksijeni ya kuzipokea, betri ya kutu haifanyi kazi. Kanuni iliyoiokoa meli yenye urefu wa zaidi ya mita 70 ndiyo ile ile inayoweza kuiokoa gia boksi iliyowekwa chini ya mwembe Mwandiga. Mwenye gari asiyekuwa na fedha za kuanza kazi mwaka huu anaweza angalau kuliinua gari juu ya magogo, kuosha udongo wote ndani ya chesisi, kuacha likauke, kisha kulipaka grisi au mafuta mazito na kulifunika kwa namna inayoruhusu hewa kupita. Kazi hiyo haina gharama kubwa, na humpa muda wa kufikiri.

KUONDOA KUTU BILA KULETA HASARA

Vipande vidogo vya chuma vyaweza kusafishwa kwa umeme. Andaa ndoo ya plastiki yenye maji, uyeyushe sodiamu kabonati, yaani soda ya kufulia, kiasi cha kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4. Kipande chenye kutu kifungwe kwenye ncha hasi ya chaja ya betri ya volti 12, na kipande cha chuma chakavu cha kawaida kwenye ncha chanya. Vipande hivyo viwili visigusane. Umeme ukipita, sehemu ya kutu hugeuka kuwa oksaidi nyeusi iliyolegea, na mapovu ya hidrojeni husaidia kuibandua. Baada ya saa kadhaa brashi inatosha.

Yapo makatazo manne ambayo mwalimu hapana budi ayasisitize. Hidrojeni hulipuka, kwa hiyo kazi ifanyike nje, mbali na moto, na chaja izimwe kabla ya kugusa waya. Chumvi ya kula isitumike badala ya soda, kwa kuwa inaweza kutoa klorini, ambayo ni sumu. Kwenye ncha chanya kisitumike chuma kisichoshika kutu, mfano wa vijiko vya mezani, kwa maana kina kromi, nayo huingia majini katika hali yenye sumu. Mwisho, sehemu za alumini zisitiwe kamwe katika ndoo hiyo. Soda huyeyusha ule utando wa oksaidi, na alumini huanza kuliwa. Mlango uliodumu miaka 60 unaweza kuharibiwa kwa usiku mmoja na fundi mwenye nia njema.

Hatari nyingine kwa alumini ni moto. Fundi mchomeleaji aliyezoea chuma huongozwa na rangi: chuma huwa chekundu, kisha cha chungwa, kabla ya kuyeyuka kwenye nyuzi zinazokaribia 1,500 za Selsiasi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na aloi zake hata chini ya hapo, bila kubadilika rangi. Utando wake wa oksaidi hauyeyuki hadi zifike nyuzi zaidi ya 2,000. Fundi anaona ngozi imesimama, anaongeza moto, na ghafla bamba zima linadondoka chini. Kwa hiyo bodi ya alumini aghalabu hunyooshwa kwa nyundo ya mbao baada ya kupashwa moto kidogo, na uchomeleaji wake huachiwa fundi mwenye mtambo na mazoezi ya metali hiyo.

Tangi la mafuta lisichomelewe hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Mvuke wa petroli uliobaki unatosha kulilipua. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa upepo, kwa kuwa pedi nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo nyuzi zake huleta maradhi ya mapafu baada ya miaka mingi. Vumbi hilo lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa, nacho kifungwe na kutupwa.

Jambo la petroli nalo lahitaji neno. Injini za zamani ziliundwa wakati petroli ilipotiwa risasi, ambayo pamoja na kazi nyingine ililinda vikalio vya valvu visichakae. Risasi hiyo ilidhuru afya za watu, hasa akili za watoto, na nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuitumia ilipofika mwanzo wa mwaka 2006. Mwenye gari kuukuu asiitamani. Injini inapofunguliwa, fundi wa mashine aweza kutia vikalio vya chuma kigumu, na tatizo likaisha.

Turubai la pamba nalo lina sayansi yake. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba matundu kati yao; ndiyo maana turubai zuri huvuja kidogo mwanzo wa mvua, kisha likaacha. Lakini likikunjwa likiwa bichi, kuvu huota na kuila pamba. Likaushwe kwanza, ndipo likunjwe.

KUPIGA PICHA: KABLA, WAKATI NA BAADA

Picha ya kwanza ya gari lililofufuliwa hupigwa kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa. Picha hiyo si pambo. Ni kumbukumbu ya kitaalamu. Kila sehemu ipigwe ikiwa mahali pake, pamoja na rula ya kuonyesha ukubwa, karatasi nyeupe ya kusaidia kusoma rangi kwa usahihi, na namba iliyoandikwa kwa wino. Namba hiyo hiyo iandikwe kwenye mfuko wa bolti. Gari lina mamia ya vipande, na kumbukumbu ya binadamu huanza kusahau siku ya tatu. Simu ya kawaida yenye kamera inatosha kabisa.

Kwa picha za gari zima, swali la kwanza ni umbali. Land Rover fupi ina urefu wa mita 3.6 hivi. Mpiga picha akisimama mita 1 mbele ya taa, sehemu ya nyuma iko mita 4.6 kutoka kwake. Ukubwa wa taswira hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, hivyo vitu vya mbele vitaonekana vikubwa mara 4.6 kuliko vya nyuma vilivyo sawa navyo. Pua ya gari itavimba kama ya kiboko. Akirudi hadi mita 9, uwiano huwa 12.6 kwa 9, yaani 1.4 tu, na gari litaonekana kwa umbo lake la kweli. Arudi nyuma basi, kisha avute taswira kwa lenzi ikiwa kamera yake ina uwezo huo.

Swali la pili ni wakati. Saa za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, lakini Kigoma iko karibu na nyuzi 29.6. Tofauti ni nyuzi 15.4. Dunia huzunguka nyuzi 1 kwa dakika 4. Kwa hiyo jua la Kigoma huchelewa kwa dakika 62 hivi. Kwa wastani wa mwaka, utosi wa mchana haufiki saa 6 kamili bali saa 7 na dakika 2, ukitangulia au kuchelewa kwa dakika zisizozidi 17 kufuatana na tarehe. Dar es Salaam, iliyo karibu na nyuzi 39.3, huchelewa kwa dakika 23 tu. Mpiga picha aliyezoea pwani, akifika Mwandiga, hana budi kusogeza mbele ratiba yake kwa dakika 39.

Saa 7 mchana jua hupiga kutoka juu. Boneti hung'aa hadi kuumiza macho na magurudumu hutumbukia kivulini. Kuanzia saa 11 jioni jua limeshuka upande wa ziwa na milima ya Kongo. Miale yake hupita safari ndefu zaidi angani, rangi ya buluu hutawanywa zaidi njiani, na mwanga unaofika huwa na wekundu wa kupendeza. Mwanga huo wa ubavuni huonyesha kila mkunjo wa bodi, pamoja na mabonyeo ambayo fundi alidhani ameyamaliza.

Swali la tatu ni mwakiso. Rangi iliyong'arishwa ni kioo, na hutii kanuni ile ile: pembe ya mwale unaoingia ni sawa na ya mwale unaotoka. Mpiga picha akijiona ndani ya mlango, dawa si kufuta mlango bali kusogea hatua mbili kando. Chujio la mwanga linalozungushwa mbele ya lenzi huweza kupunguza mng'ao wa kioo na wa rangi, lakini halisaidii juu ya metali tupu, kwa kuwa mwanga uakisiwao na metali haupangwi upande mmoja kwa namna ile. Na kabla ya yote, vumbi lioshwe kwa maji mengi. Vumbi la barabarani lina chembe za kwazi, ambazo ni ngumu kuliko rangi yoyote. Kulifuta kavu ni kulipiga gari msasa.

HITIMISHO

Duniani kote wapo watu waliofanya ufufuaji wa magari kuwa fani. Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, yamekuwa yakifanyika mashindano ambamo waamuzi huchungulia hata chini ya chesisi kutafuta tone la mafuta. Arusha, Oktoba 2024, wenye Land Rover kutoka sehemu mbalimbali walikusanyika katika tamasha lao. Mwandiga haina haja ya tamasha ili ianze.

Hata hivyo ukweli usemwe. Si kila gari kuukuu linastahili kufufuliwa. Nyundo ikipenya chesisi mahali pengi, na fedha za kununua au kuunda nyingine hazipo, mnunuzi wa vyuma chakavu hana kosa: chuma kitakachoyeyushwa kitarudi kikiwa nondo za nyumba. Lakini hata hapo, gari lipigwe picha kwanza, lipimwe, na injini au ekseli iombwe kwa ajili ya darasa la fizikia. Nyundo ikilia, basi mwenye gari amwambie mnunuzi arudi mwakani, atafute grisi, na awahamishe kuku.

Maswali kwa wanafunzi: (1) Kwa nini bolti za shaba zisitumike kufunga bodi ya alumini? (2) Mpiga picha amesimama mita 5 mbele ya gari lenye urefu wa mita 4. Tafuta uwiano wa ukubwa wa taa za mbele na za nyuma zilizo sawa. (3) Kokotoa wastani wa saa ya utosi wa mchana mahali ulipo shule yako. (4) Eleza kwa nini udongo mkavu hauleti kutu, na udongo bichi huleta.